Atakayesema Basi

Daktari aliyekuwa amfanyie Bi Rukaya upasuaji alitaka jina moja tu: mtu wa kumwamulia matibabu endapo mwenyewe atashindwa kusema. Wanawe wawili wakakaa, kila mmoja akingoja kutajwa.

"Kwanza nimiminieni chai," akasema mama yao.

Shaibu akainua birika, akamimina huku akisubiri kuambiwa basi. Mama akakitazama tu kikombe kikijaa. Chai ikafurika hadi kwenye kisahani.

"Mama, si useme basi!"

"Na siku nisipoweza?"

Zamda, dada yake, hakuthubutu hata kuligusa birika.

Mwanamtama, mke mwenza wa Bi Rukaya, akatoka jikoni akisonya. Akakichukua kikombe, akaipunguza chai hadi nusu, akamrudishia.

"Tangu lini huyu akamaliza kikombe kizima?"

Bi Rukaya akacheka. Walikuwa wakigombana tangu ujana, zamani kwa ajili ya mume, siku hizi kwa ajili ya redio.

"Mwandikeni huyu."

"Mimi? Nikiona unateswa bure nitawaambia wakuache, bibi wee. Usije ukanilaumu."

"Ndiyo maana nimekutaja."

Akanywa taratibu. Kabla hajakiweka kikombe chini, Mwanamtama alikuwa ameshalisogeza birika kando.