Mkalimani Alinyamaza

"Mwanangu alipenda mvua," Mama Gloire aliwaambia waandishi wa habari katika ukumbi wa Doonside, kitongoji cha ughaibuni walikohamia. "Ikinyesha, alitoka nje bila viatu."

Mkalimani aliyeketi kando yake alifungua kinywa, kisha akanyamaza.

Mwanga wa kamera ulitanda ukumbini kama ukungu, na minong'ono ikawafikia kana kwamba imepita majini. Tangu Gloire auawe, watu walikuwa wakigombana mitandaoni: hawa wakitaka magazeti yamwandike mwanamume, wale mwanamke. Wachache waliuliza ameuawa na nani.

"Mbona hutafsiri, dada?"

"Mama, Kiingereza kinanitaka nichague," mkalimani alinong'ona. "Siwezi kusema 'alitoka' tu. Sharti niseme ni mwanamume aliyetoka, au ni mwanamke."

Mama alizitazama kucha zake. Rangi ya zambarau ilikuwa imebanduka, vikabaki vipande vidogo pembeni. Gloire ndiye aliyempaka, akimshika kidole kimoja kimoja na kukipuliza taratibu, kama anayepuliza usingizi.

Nyumbani mwao Kiswahili kiliwasitiri wote wawili. Amekuja, amekula, amelala. Hakuna aliyelazimika kusema zaidi ya hapo.

Mkalimani alingoja. Ukumbi mzima ulingoja.

"Sema binti yangu," Mama alisema hatimaye, kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma.

Lilikuwa neno ambalo Gloire aliwahi kumwomba amwite kwalo, na Mama akajifanya hakusikia.