Bakuli la Danuta

Kwa miaka tisa Rukaya alilificha kabatini bakuli la buluu aliloachiwa na Danuta, mkunga wa Kipolandi aliyemzalisha mapacha wake salama, kisha akarudi kwao. Leo alilipeleka kwa Mama Siwema, mfinyanzi wa mtaani, alitazame.

Mama Siwema aligonga ukingo wake kwa ukucha. Bakuli likalia kama kengele.

“Halina ufa,” alisema. Akaligeuza, akapapasa kitako, kisha akamwonyesha vidoa vya maua vilivyopigwa muhuri kwa mkono, kimoja kimekaa upande. “Kazi safi. Limechomwa kwa moto mkali. Hata kwenye oveni linaingia, ila usilitoe kwenye friji ukalitia motoni papo hapo. Huwa unapikia nini humu?”

“Sipikii kitu. Naogopa litavunjika, na hata kumshukuru vizuri sikuwahi.”

“Dada, huyo alikupa chombo ili mkitumie kula.”

Rukaya akalichukua, akaaga. Njiani alisimama kwa muuza mihogo ya nazi, akamnyooshea bakuli kwa mikono miwili.

“Nijazie,” alisema. “Wanangu wanakaribia kutoka shule.”

Mvuke wa mihogo ukampanda usoni, naye hakugeuka pembeni.