Kichwa Kipoe

Dirisha lilizibwa kwa blanketi zito lililopigiliwa misumari, na mlango ulifungwa kwa nje. Sumaku alilala chali humo gizani, akimsikiliza mama yake akigombana na kocha sebuleni.

"Umekuja tena," mama alisema. "Wewe huna haya?"

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Mtoto amelala."

Hakuwa amelala. Tangu siku ile mazoezini, alipoufuata mpira wa kona akajigonga kichwa kwenye mlingoti wa goli, alikuwa amechoshwa na kulala. Simu alinyang'anywa. Vitabu viliondolewa. Rafiki zake walifukuzwa mlangoni kama kuku walioingia jikoni. "Kichwa kipoe," mama alisema, na aliyebisha alikiona cha mtema kuni.

Jina la Sumaku alipewa na wenzake, kwa jinsi mpira ulivyomnata mikononi. Siku hizi hata kikombe kilimponyoka. Hakumwambia mtu, lakini kila akifumba macho aliuona ule mlingoti ukimjia, na hamu ya kusimama golini ilikuwa imemtoka kabisa.

Ndiyo maana hakutaka kuisikia sauti ya kocha. Fainali ya kombe la mitaa ilikuwa Jumamosi. Nani asiyejua alichokifuata?

"Daktari hakusema afungiwe kama mwizi," kocha alisema. "Alisema apumzike zile siku za mwanzo, basi. Sasa atoke, atembee taratibu hapo nje, apate jua. Kichwa kikimzidi, akae. Giza hili litamzidishia ugonjwa."

"Leo umekuwa daktari. Aliyevunja ndiye fundi wa kuunga?"

"Dada yangu, tusifike huko. Na lile la Jumamosi nililokwambia..."

"Ishia hapo hapo. Hilo usilitaje nyumbani kwangu, mtoto atasikia."

"Ana haki ya kusikia."

"Mwanangu ana mama yake. Mlango ulioingilia unaujua."

Kiti kilikwaruza sakafu. Kocha alisema kwa sauti ya chini kwamba atarudi.

"Rudi," mama alisema. "Utanikuta nimechemsha maji."

Mlango wa mbele ulibamizwa, na kishindo kikapasua kichwa cha Sumaku toka paji hadi kisogo. Alijikunja, akasubiri maumivu yapungue. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kumpenda mama yake kama dakika ile. Alikuwa mkali, mdomo wake pilipili, majirani walimkwepa. Ila leo alikuwa amesimama kati yake na lile goli, na hapiti mtu.

Hata hivyo, yale maneno ya jua yalimkaa rohoni. Alitamani upepo. Alitamani kutembea hadi kwenye kona ya mtaa na kurudi, asiulizwe na mtu. Kila asubuhi mama aliuliza kama kichwa kinauma, Sumaku akajibu kwamba kinauma kidogo, mama akaguna na kufunga mlango. Safari hii, mama alipoingia na chai, alikuwa amejiandaa.

"Kinauma?"

Kilikuwa kinauma. Masikio yalivuma, na kikombe mkononi mwa mama kilionekana kuwa viwili.

"Hakiumi, mama. Kimepona kabisa. Naomba nitoke nje kidogo."

Mama aliweka chai chini. Alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kwenye mwanga wa mlangoni, akamkagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu ajali, alicheka. Akapanda kitini, akalivuta blanketi likang'oka na misumari yake. Jua likaingia kama kofi. Sumaku akauma meno asije akalia.

"Nilijua ukipumzika vizuri utawahi," mama alisema akimkumbatia. "Yule mpumbavu kakutoa kikosini, eti huugusi mpira mpaka daktari aruhusu. Mimi nimeongea na wapinzani wake. Kipa wao kasafiri, kwa hiyo Jumamosi utawadakia wao. Nimewaambia hujaugua hata mafua."