Karatasi Tupu ya Mbweha

Hapo wanyama walipokuwa na makarani, Simba aliwakataza wenye manyoya meusi kunywa maji ya chemchemi ya juu. Wakanywa tope, watoto wao wakaharisha, wakaitisha mkutano.

Mbweha, karani wa Simba, akaja na karanga na karatasi tupu. "Wekeni alama za nyayo, ni mahudhurio tu," akasema, akatangulia kuweka yake.

Nungunungu hakuzigusa karanga. "Hapo juu palipobaki wazi pataandikwa nini?"

"Hayo baadaye, mama."

"Mwaka jana uliandika 'tumeridhika'." Akachomoa mwiba wake, akauchovya topeni, akaandika: *Tunaidai chemchemi.*

Wote wakaweka alama, wakaipeleka karatasi wenyewe.

Simba akaisoma. "Wa kwanza hapa ndiye kiongozi wao. Huu unyayo wa nani?"

Mbweha akaukalia mguu wake.