Zamu ya Katekista

Blogu ya Skolastika ilianza na tafakari zake mwenyewe, msomaji wake mkubwa akiwa dada yake. Alipowakaribisha wanajumuiya waandike kwa zamu, ikachangamka. Katekista Fulgensi akachukua Jumatano. Alifariki wakati wa Kwaresima, lakini sheria ya siku hizi hairuhusu ukurasa wa mtu unyamaze: akishazikwa, mashine huendelea kuandika kwa sauti yake. Haikupita Jumatano hata moja bila tafakari ya Fulgensi.

Novemba ilipoingia, Skolastika alikwenda kwa mjane wa Fulgensi, Mama Jenista, kuchukua bahasha ya majina ya marehemu wa kuombewa misani. Bahasha ilikuwa tupu.

"Na Baba Jenista je?"

"Yupi? Huyo aliyeandika juzi kwenye blogu yako?" Mama Jenista hakuinua macho kutoka kwenye ungo wa mchele. "Nikimwandika humo nitakuwa nimemzika mara ya pili. Niachie mume wangu, mwanangu."

Skolastika akaondoka na bahasha tupu. Si yeye aliyemkaribisha Fulgensi kwenye blogu?

Jumapili majina yalisomwa, kisha Skolastika akayaweka yote kwenye blogu, kama ilivyo desturi.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, tafakari ya Fulgensi ikaingia. Ilikuwa fupi kuliko zote.

"Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa, orodha ya marehemu nimeisoma mara mbili. Jina langu sijaliona. Nani ananiombea?"