Mwasumini wa Marehemu Mama

Kofi la tatu lilimkuta Mwanatumu amepiga magoti roshanini, mikono imejaa udongo.

"Mti huu wa mamangu ukifa," mumewe alinguruma, "na wewe umekufa. Wallahi!"

Muhdhar akateremka ngazi kwenda dukani kwake. Mwanatumu akatema damu. Ai, mume gani huyu! Hasira alikuwa nazo tangu zamani, lakini mwasumini ulipoanza kunyauka kwenye chungu chake, kipigo kilizidi. Juzi alimvunja kidole. Jana alimkaba koo mpaka macho yakamtoka.

Wala Mwanatumu hakukaa akamwangalia tu. Kila alfajiri alimletea bilauri ya kombe hapo roshanini: aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, apate kupoa moyo. Alimwambia mumewe ni dawa ya tumbo, kwani angejua ni kombe angemrushia usoni. Muhdhar aliipokea. Mkewe alirudi jikoni kuchoma chapati, na bilauri ikarudi tupu. Lakini moyo, kupoa wapi!

Jirani yake Sheikha, bingwa wa maua mtaa mzima, alikuja na jivu la mkaa. Akatia kidole kwenye chungu.

"Maji mengi, mwenzangu. Mizizi inaoza."

"Wiki ya tatu hii sijautia hata tone!"

"Basi tuung'oe tuone."

Tope lilitoka likinuka uvundo. Mwanatumu alishika kisu cha samaki, akakata kila mzizi mweusi uliolegea, akabakisha michache myeupe, akaipaka jivu. Sheikha alitoboa chungu matundu chini, akachanganya udongo mkavu na mchanga.

"Utapona huu," alisema. "Wewe usiunyweshe tu."

Mwanatumu alilia kwa furaha.

Mara Muhdhar huyo, amesahau funguo. Aliona mizizi myeusi imetapakaa sakafuni. Alimkamata mkewe nywele, akambamiza ukutani, akampokonya kisu. Sheikha akapiga mayowe.

"Haujafa, Muhdhar! Tazama, una mizizi bado!"

"Sisemi mti mimi!" Machozi yalimbubujika, akaonyesha chungu kwa kisu. "Siku arubaini, mwanamke, kila bilauri unayonipa naimwaga humu. Tazama ulitaka kunifanya nini!"