Mbwa Saba kati ya Kumi

"Mbwa mia mbili na kumi na wawili, siku tano, na hakuna hata mmoja aliyenigusa kwa jino." Ruffin aligeuza mikono yake juu na chini mbele ya watu wa kituo cha afya. "Angalieni. Ngozi ya mutoto muchanga."

Wachanjaji wenzake walikuwa wanasinzia kwenye mabenchi, miguu imevimba kwa kukanyaga mawe ya volkano, mikono imefungwa bendeji. Kila mmoja alikuwa na alama ya mbwa wake. Ruffin peke yake ndiye aliyetoka mtaa wa Keshero safi kama mtu anayerudi kutoka misa.

Docteur Bénita hakuinua macho kutoka kwenye ordinateur, ile kompyuta ya kituo. Alikuwa amesomea hesabu za magonjwa, na tangu Jumatatu hesabu hizo zilikuwa zinamnyima usingizi. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza: mbwa anachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha anapakwa rangi ya kijani kichwani. Kesho yake watu wanapita njiani na kuhesabu vichwa, vya kijani na visivyo vya kijani. Ukipata saba kati ya kumi, ugonjwa unakosa mahali pa kurukia, unakufa wenyewe.

"Keshero, nane kati ya kumi," alisema. "Ruffin, hata modèle yangu ya hesabu inakuonea wivu."

"Iambie ipumzike, Docteur. Na wewe pia."

Ndipo Umutesi alipoingia, amembeba mgongoni binti yake Igihozo, mtoto wa miaka saba. Mbwa alikuwa amemng'ata mguuni asubuhi hiyo kwenye bomba la maji, pale pale Keshero, kisha akatorokea kwenye mawe.

"Alikuwa na rangi?" Bénita aliuliza.

"Kijani. Hapa, kati ya masikio."

Muzee Munyakazi alikuwa amekaa pembeni tangu saa mbili, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Alikuja kwa miguu kutoka Mugunga. Mbwa aliyemng'ata hakuwa na rangi wala mwenyewe.

"Naye alikuwa na njaa," alisema. "Aliniuma kama mutu anayeomba musamaha."

Kwenye friji zilibaki sindano za kinga za kumtosha mtu mmoja. Nyingine zingekuja na boti ya Bukavu, juma lijalo, kama zingekuja. Na wote mle ndani walijua: kichaa cha mbwa kikishaanza kichwani mwa mtu, hakuna daktari wa kukirudisha.

Bénita alipiga hesabu mara mbili, maana hakujiamini tena kwa uchovu.

"Mbwa asiyejulikana wa Mugunga, nafasi ya kuwa na kichaa ni moja kati ya sita. Mbwa wa kijani wa Keshero, haifiki moja kati ya elfu mbili." Akafunga ordinateur. "Sindano ni za muzee."

Umutesi alishusha pumzi aliyoingia nayo. "Moja kati ya elfu mbili," alirudia taratibu, kama anataja jina la mtakatifu. Akamshika Ruffin mkono. "Asante sana, petit. Kama usingemuchanja ule mbwa, leo ningesema nini?"

Ruffin akauchomoa mkono wake. "Docteur, mupe mutoto."

"Umesikia hesabu."

"Hesabu ni hesabu. Mutoto ni mutoto."

"Na muzee ni nini, kuku?" Munyakazi aliuliza.

"Samahani, muzee. Basi wagawane."

"Nusu ya hii dawa haifanyi nusu ya kazi," Bénita alisema. Alikuwa amechoka hata kukasirika hawezi.

"Labda ile chanjo ya mbwa ilipata joto. Jua la Keshero unalijua, Docteur."

Bénita alivuta karatasi ya sanduku la baridi. Asubuhi na jioni, saini ya Ruffin. Barafu haikuyeyuka hata siku moja. Chupa zake zote zilirudi tupu.

"Una moyo muzuri, Ruffin. Lakini sina pa kuuingiza moyo wako katika hesabu."

Akampa ishara Marcelline, muuguzi, naye akaanza kuvuta dawa. Ruffin alisimama, akakaa, akasimama tena.

Mlango ukasukumwa. Aliingia Mama Kanyere, muuza maharage, kitenge kimelegea kwa kukimbia.

"Docteur, niandikie karatasi! Vijana wanamutafuta mbwa wangu Commando kwa mawe, wanasema aliuma mutoto kwa bomba la maji na ana kichaa. Kichaa gani? Commando alichanjwa! Niliona kwa macho yangu haya!"

"Tunajua, mama. Tulia."

"Na njo huyu alimuchanja!" Uso wake ukang'aa alipomwona Ruffin. "Huyu kijana musimuache, anajua kazi. Wenzake wanasumbua watu: fungua mulango, kamata mbwa, funga mudomo. Huyu hata parcelle, kiwanja cha nyumba yangu, hakuingia! Alipanda juu ya ukuta na muti wake murefu, burashi imefungwa kwa ncha, pa! kichwani, kijani, imekwisha. Kwa jirani vilevile, na kwa jirani wa jirani. Avenue nzima, hakuna mbwa hata mumoja aliyelia."

Marcelline alisimama katikati ya chumba, sindano imejaa mkononi. Kwenye mabenchi, hakuna aliyekuwa anasinzia tena.

Muzee Munyakazi alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati lake. Alimtazama Igihozo, akaukunjua polepole, akafunga kifungo.